Tezi Tatu Shingoni

Ya kwanza niliigusa nikiwa naoga, asubuhi ya siku ya shule, maji ya ndoo yakiwa yamebaki kidogo. Ilikuwa upande wa kulia, chini ya taya, ukubwa wa punje ya mahindi. Haikuuma. Niliisukuma kwa kidole ikateleza chini ya ngozi, kisha ikarudi mahali pake. Nikamalizia kuoga, nikavaa, nikaenda kufundisha.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kinyangiri. Wakati huo nilikuwa na darasa la tatu, watoto wengi kuliko madawati, na nyumbani nilikuwa na wawili wangu, mume anayelima alizeti na kununua mbuzi minadani, na mama mkwe. Mama mkwe aliishi nasi tangu baba mkwe alipofariki. Ndiye aliyekamua ng'ombe, ndiye aliyeamua leo mlenda au dagaa, na kwa kweli ndiye aliyekuwa mwenye nyumba.

Huku kwetu tumekua tukiiona mitoki. Mtoto akichomwa na mwiba machungani, kidonda kikitunga usaha, kesho yake kinena kinavimba na anaanza kuchechemea. Hakuna anayeshtuka. Kidonda kinasafishwa, kinapona, mtoki unanywea wenyewe. Kwa hiyo kichwani mwangu uvimbe wa namna ile ulikuwa kitu kinachofuata kidonda, na kama uvimbe upo, basi kidonda kipo mahali. Nikajitafuta. Nilikuwa na jino la nyuma lililotoboka, upande uleule wa kulia. Nikalibebesha lawama zote, nikatulia.

Mama mkwe yeye hakukubaliana na habari za jino.

"Hiyo ni ndoo," alisema, akinishika shingo kwa vidole vyake vikavu. "Unabeba maji na shingo haijazoea. Ninyi mliosoma shingo zenu laini."

Akachemsha maji ya chumvi, akanikanda kwa kitambaa cha moto jioni tatu mfululizo. Alikuwa akikanda huku anakohoa, anageuka pembeni, anatema, anarudi kunikanda. Sikuwaza lolote. Alikuwa akikohoa tangu nilipoolewa, na sote tulikiita kikohozi cha moshi, maana amepikia kuni maisha yake yote. Kilikuwa sauti mojawapo ya nyumba ile, kama bati linalogonga upepo ukivuma.

Baada ya kama mwezi ikaja ya pili, chini kidogo ya ile ya kwanza. Ndipo nikaenda zahanati.

Tabibu alikuwa kijana mpole, mgeni kwetu, aliyeniita mwalimu hata kabla sijamwambia kazi yangu. Alinitazama mdomoni, kooni, masikioni, akapekua hadi nywele akitafuta vidonda kichwani. Aliliona jino. Akaniandikia vidonge vya wiki moja na kunishauri nikang'oe.

"Nikueleze kitu, mwalimu," alisema, huku ameshaweka kalamu chini. "Tezi hizi kila mtu anazo. Shingoni, makwapani, kinenani. Kazi yake ni kupambana na vijidudu. Ukiwa na mafua, tonsesi, jino bovu, kidonda, zinavimba, mara nyingi zinauma, halafu baada ya wiki moja mbili zinarudi hali ya kawaida. Hizo hazitusumbui."

"Na zisiporudi?"

"Zikipita wiki mbili, tatu, hazijapungua, unarudi hapa. Zikiongezeka, unarudi. Zikiwa ngumu, zimeganda haziendi huku wala huku, unarudi. Ukianza kukonda bila sababu, homa za jioni, jasho la usiku la kulowesha shuka, usingoje hata hizo wiki. Na usiseme haiumi kwa hiyo si kitu. Isiyouma ndiyo unayotakiwa kuiangalia zaidi."

Nilimsikia vizuri. Ningeweza kusimama ubaoni na kuyarudia yote neno kwa neno. Nilimeza vidonge, nikang'oa jino, shimo likapona, na tezi zikabaki palepale. Wiki mbili zikapita, zikapita tatu, na sikurudi.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Ulikuwa msimu wa kuvuna alizeti, na shuleni mitihani ya muhula ilikuwa imekaribia, hayo ni kweli. Lakini ukweli mwingine ni kwamba niliogopa maneno mawili. La kwanza kansa, la pili Ukimwi. Niliona nikirudi zahanati, mojawapo litatamkwa, na likishatamkwa haliwezi kurudi mdomoni mwa mtu. Nikiwa nyumbani, angalau, ulikuwa uvimbe tu. Nikaanza kuvaa mtandio shingoni kila siku, hata saa nane mchana wakati wa joto, na walimu wenzangu wakasema umenipendeza.

Kisha uchovu ukaja. Sijui niuelezeje. Haukuwa uchovu wa jembe, ambao mtu akilala unaisha. Huu niliamka nao. Nilikuwa nikifika shuleni nimeshachoka, nakaa kwenye kiti na kuwaambia watoto wasome kwa sauti ukurasa mmoja, kisha huohuo tena. Madaftari ya kusahihisha yalirundikana hadi nikaona haya kuyatazama. Jioni mwili ulipata joto, na asubuhi shuka langu lilikuwa limelowa. Nilikuwa nalianika uani kabla mama mkwe hajatoka kukamua, ili asiulize. Sketi zangu nikaanza kuzibana kwa pini. Ya tatu ikatokea juu ya zile mbili, zikashikana, na sasa hazikuteleza tena nikizigusa. Zilikuwa kitu kimoja.

Mtoto mmoja wa dawati la mbele aliniambia siku moja, bila ubaya wowote, "Mwalimu, shingo yako imenenepa upande mmoja."

Darasa likacheka. Nami nikacheka. Nikawapa kazi ya hesabu na kutoka nje, nikasimama nyuma ya choo cha walimu mpaka kengele.

Aliyekata shauri alikuwa mume wangu, mtu asiyesema sana. Alirudi kutoka mnadani alasiri moja akanikuta nimelala chini jikoni, kando ya ungo, mboga zikiwa nusu zimechambuliwa. Hakuniamsha kwanza. Baadaye aliniambia alisimama akanitazama, mtandio ukiwa umeteleza, na ndipo alipoona vizuri.

"Miezi mingapi?" aliuliza nilipofumbua macho.

"Mitano."

"Kesho unaenda mjini. Mwalimu mkuu nitamwambia mimi."

Mama mkwe alikuwa mlangoni. "Mjini watamchana," alisema. "Uvimbe ukichanwa unatawanyika."

"Mama," mume wangu alisema, na ndiyo mara ya kwanza nilimsikia akimjibu hivyo, "acha wamchane."

Dada yangu anakaa Utemini, mjini Singida, ana cherehani mbili barazani na wateja wanaokuja na vitenge vyao kabla hajafagia. Aliniona nashuka kwenye bodaboda akashika mdomo. Hakusema nimekonda. Alinipikia kuku, akanitazama nikila vijiko vitatu, akaondoa sahani.

Daktari aliyenipokea hospitali alikuwa mwanamke wa rika langu, macho yake yamechoka kama yangu. Alinishika shingo muda mrefu, pande zote mbili, juu ya mifupa ya mabega, makwapani, kinenani, kisha akaniomba nilale akanibonyeza tumbo. Alikuwa anatafuta kama ziko kwingine. Hazikuwepo. Akauliza zimeanza lini, nikamwambia. Akauliza jasho, homa, kukonda, nikasema ndiyo, ndiyo, ndiyo, na kila ndiyo nilimsikia tabibu wa zahanati.

"Mnafuga?"

"Tunafuga."

"Maziwa mnachemsha?"

"Ya chai tunachemsha. Mengine tunakunywa hivyohivyo, au tunagandisha kwenye kibuyu."

Aliandika. "Kuna mtu nyumbani anakohoa kwa muda mrefu?"

"Hapana," nikasema.

Naapa sikumdanganya. Nilifikiria watoto, nikamfikiria mume wangu, hakuna aliyekuwa anakohoa. Mama mkwe sikumfikiria kabisa.

Kipimo cha kwanza kilikuwa cha virusi vya Ukimwi, kwa sababu, alisema, navyo huvimbisha tezi, na ni vizuri kujua mapema. Majibu yalitoka palepale. Sikuwa navyo. Nilishusha pumzi niliyokuwa nimeibeba miezi mitano, na papo hapo nikakumbuka bado limebaki lile neno lingine. Wakanipiga picha ya kifua. Siku iliyofuata wakanichoma sindano kwenye uvimbe wakavuta majimaji, na baadaye wakaamua watoe kipande, wakanichana kidogo kwa ganzi. Kuchanwa kwenyewe hakukuwa kitu. Kilichonimaliza ni kungoja.

Nilingoja siku nyingi. Kila mara nilipoitwa kubadilisha kitambaa cha kidonda nilikaa kwenye benchi lilelile la korido, na huko ndiko nilikojuana na mama mmoja kutoka Ikungi. Alikuwa mkubwa kwangu, umri wa kunizaa, mkulima, mwenye kicheko kikubwa kinachoanzia tumboni. Siku ya kwanza nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, na kabla sijakaa sawa akauliza, "Na wewe tezi la shingoni?"

Nikavuta mtandio nikamwonyesha. Naye akashusha kitenge begani. Lake lilikuwa upande wa kushoto, juu kabisa ya mfupa wa bega, dogo kuliko yangu yote. Alinichukua mkono akaniwekea vidole juu yake. Lilikuwa gumu kama kokoto na halikusogea hata kidogo.

"Haliumi, mama?"

"Halijawahi kuuma. Mwaka sasa. Ni tumbo ndilo linalonisumbua, chakula hakipiti vizuri. Hili nimelitaja tu kwa daktari kwa kuwa aliuliza kama nina kitu kingine." Akapandisha kitenge chake. "Basi yule daktari tumbo akaliacha, akaanza kushughulika na hili."

Tulikuwa tunagawana karanga zake na chai ya chupa ya dada yangu. Alinisimulia uwele wake ulioliwa na ndege, na mjukuu anayeimba kwaya. Siku aliyopewa majibu alitoka chumba cha daktari na karatasi ya rufaa ya kwenda hospitali kubwa, nje ya mkoa. Binti yake alikuwa amemshika mkono analia. Yeye hakulia. Alikuja akakaa kando yangu kama kawaida.

"Mwanangu," alisema, "mimi nilikuwa nangoja lianze kuuma ndipo nije. Halikuuma."

Akasimama, akajifunga kitenge vizuri, wakaondoka.

Majibu yangu yalitoka siku tatu baadaye. Daktari alinifungulia faili, akasema, "Si kansa." Alianza na hilo, nami namshukuru mpaka leo kwa kuanza na hilo. "Ni kifua kikuu cha tezi."

Nilimwambia kifua changu ni kizima, sikohoi.

"Kifua chako kizima ndiyo, picha imeonyesha. Jina lisikuchanganye. Vijidudu ni vilevile, lakini vinaweza kukaa kwenye tezi, kwenye mifupa, kwingine kwingi. Shingoni ndipo tunapoviona mara nyingi. Dawa zipo, ni miezi sita, kila siku bila kuruka, na unapona."

Nilipaswa kufurahi. Nilifurahi, nadhani, mahali fulani mbali. Nilichokitaka hasa ni kulala palepale juu ya kitanda chake cha kupimia, mtu azime feni, waniache.

"Nimewaambukiza watoto?" niliuliza.

"Cha shingoni peke yake hakirukii mtu. Swali ni wewe umekipata wapi. Inaweza kuwa maziwa mabichi. Inaweza kuwa mtu mnayeishi naye. Mara nyingi hatujui kwa uhakika. Wote wa nyumbani waje wapimwe." Kisha akauliza tena, taratibu, "Mwalimu, hakuna anayekohoa?"

Safari hii nilimsikia. Nilimsikia mama mkwe akiwa umbali wote ule, anageuka pembeni, anatema, anarudi kunikanda shingo kwa chumvi.

Nilirudi nyumbani na mfuko wa dawa na jambo hilo. Mume wangu nilimwambia jioni ileile, uani, kwa sauti ya chini. Alichora chini kwa kijiti. "Mwambie wewe," alisema mwishowe. "Mimi nikimwambia ataona namfukuza."

Kwa hiyo nilimwambia mimi. Nilimkuta anapepeta mtama. Nilieleza kwamba sote tunatakiwa kwenda kituo cha afya, yeye atapewa kopo dogo, atoe makohozi, wapime. Aliendelea kupepeta.

"Mimi nimekohoa kabla hujazaliwa," alisema.

"Najua, mama. Ni kupima tu."

"Ulikwenda mjini na ugonjwa wako, umerudi unatafuta wa kumpa."

Maneno yale yaliniingia kwa sababu hayakuwa mbali sana na ukweli. Katika uchovu wote ule, kulikuwa na sehemu yangu ndogo iliyotaka awepo mtu wa kulaumiwa.

Alienda kwa ajili ya wajukuu. Muuguzi wa kituo alikuwa na akili; alimwamkia kwa heshima zote, akamwambia bibi, watoto hawa hatuwezi kuwapa kinga kabla ya kujua hali ya wakubwa. Mama mkwe akachukua kopo, akatoka nje uwanjani kama alivyoelekezwa, akakohoa. Mume wangu hakuwa na kitu. Watoto walikuwa wazima, yule mdogo akaandikiwa dawa za kumkinga. Majibu ya mama mkwe yalikuwa na vijidudu, tena vingi.

Hakupiga kelele. Alisikiliza, akaitikia, tukarudi nyumbani tukiwa tumeongozana. Kesho yake asubuhi nilipotoka kwenda shule alikuwa hayupo. Nguo zake zimefungwa zimekwenda, kibuyu chake kimekwenda, na dawa alizopewa ameziacha juu ya kinu, pakiti haijafunguliwa. Alikuwa ameenda kwa binti yake, wifi yangu, kijiji cha pili. Njiani, tulisikia baadaye, aliwaambia watu kwamba mwanawe ameoa mwalimu ili amwite mama yake muuaji.

Muuguzi alinipigia simu siku ya pili. "Kwa wifi yako kuna watoto wadogo?"

"Watatu."

"Basi usichelewe."

Mume wangu alikuwa Itigi kwa shughuli za mbuzi. Nilitoka shule saa saba, nikatembea. Kwa mtu mzima ni mwendo wa saa moja na nusu. Mimi nilitumia alasiri nzima, nikipumzika kila penye kivuli na kila penye jiwe la kukalia, na mawe kwetu hayana uhaba. Nilikuwa kwenye wiki ya tatu ya dawa. Miguu ilikuwa kama ya kuazima. Sikuwa na hotuba yoyote kichwani, na nilipomwona amekaa nje ya nyumba ya binti yake, mjukuu mchanga mapajani, sikuwa hata na pumzi ya kutoa shikamoo. Nilikaa chini mbele yake, vumbini, nikahema.

Wifi yangu alileta maji. Mama mkwe aliitazama miguu yangu yenye vumbi.

"Umekuja kwa miguu," alisema.

"Ndiyo."

"Na hali hiyo."

"Ndiyo, mama." Nikatoa mkobani dawa zake, nikaziweka kwenye mkeka. Kisha nikasema uongo. Sikuupanga, ulitoka tu. "Daktari wa mjini ameniambia ni maziwa. Yale mabichi. Mimi na wewe sote tumepata kwenye maziwa."

"Maziwa?"

"Ndiyo. Wewe yamekukaa kifuani, mimi shingoni. Hakuna aliyempa mwenzake."

Daktari alisema inaweza kuwa maziwa. Hakusema ni maziwa. Nilichagua nusu ya maneno yake iliyonifaa, na sikuona vibaya, na hata leo sioni vibaya sana.

Alimnyanyua mtoto akampa wifi yangu. Akageuza uso upande wa zizi.

"Ng'ombe wenyewe ni wa baba yao," alisema. "Aliwaleta kutoka kwao." Akazivuta pakiti karibu. "Hizo dawa zinanywewa kabla ya kula au baada?"

Alirudi nyumbani siku iliyofuata, juu ya baiskeli ya shemeji, mume wa wifi. Tukamtengea chumba chenye dirisha kubwa kwa wiki zile za mwanzo, na muuguzi akatuambia tuliache wazi mchana kutwa. Kuanzia hapo asubuhi zetu zikawa na mpango mmoja. Mimi na yeye tulikuwa tunakaa kwenye benchi la jikoni, kila mtu na kikombe chake cha maji, tunameza. Siku ya kwanza ya mpango huo alitoka chooni anapiga yowe kwamba anakojoa damu. Nikamwambia ni rangi ya dawa, hata mimi mkojo wangu ni mwekundu. Hakuamini. Ilibidi tuthibitishiane. Mume wangu aliposikia tunacheka nyuma ya nyumba alikuja mbio akidhani kuna anayelia.

Sitaki kusema ilikuwa rahisi. Kichefuchefu kilinifuata hadi darasani. Na mwezi wa pili tezi zangu, badala ya kunywea, zikavimba zaidi, moja ikalainika na kuanza kutoa usaha. Hapo nilikata tamaa kweli. Nilimwambia muuguzi dawa zimeshindwa, na kwamba kansa ipo, hawakuiona tu. Akaniangalia kidonda, akanirudisha hospitali wakaangalia nao. Waliniambia hutokea kwa baadhi ya watu wakiwa kwenye dawa, tezi huvimba kabla ya kupungua, nisiache hata kidonge kimoja. Mama mkwe ndiye aliyenisafisha kile kidonda kila jioni, kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, safari hii kwa kufuata maelekezo ya muuguzi, na alikuwa mkali mno kuhusu kunawa mikono.

Maziwa aliyachemsha mpaka yakawa yanashika sufuria. Jirani akija kuomba mabichi alihubiriwa.

Kikohozi chake kilipungua polepole hata hatukujua kilikoma siku gani. Nakumbuka tu Jumapili moja mchana, watu wamekwenda kanisani, mimi na yeye tumebaki tunachambua mchele, nyumba ikiwa kimya mno. Aliutazama ungo wake akasema, bila kuniangalia, "Najua siyo maziwa."

Nikafungua mdomo.

"Usijibu," alisema. "Chambua mchele."

Karibu na mwisho wa dawa zangu nilipata simu kutoka namba nisiyoijua. Alikuwa binti wa yule mama wa Ikungi. Mama yake alikuwa ameniandika kwenye simu kama mwalimu wa benchi. Alifariki nyumbani, akiwa amelala, baada ya kurudishwa kutoka hospitali kubwa. Uvimbe ule mdogo ulikuwa umetoka tumboni, ndiko ugonjwa ulikoanzia. Binti alisema waliambiwa wangekuja mapema yangekuwepo mengi zaidi ya kujaribu. Nilimpa pole. Alishukuru. Halafu salio lake likakatika.

Nilimaliza miezi sita. Muuguzi alipiga mstari kwenye kadi yangu, akaniambia nimepona, na mwezi mmoja baadaye akampigia mama mkwe mstari wake. Shingoni nimebaki na kovu lililokunjamana na kipele kimoja kigumu kidogo ambacho wameniambia kinaweza kubaki, nikiangalie tu kisikue. Nakigusa kila ninapooga. Uzito umerudi, sketi nimefungua pini. Uchovu umepungua, ila sijarudi kuwa yule wa zamani, na nimeacha kumngojea.

Siku hizi watu wananijia na shingo zao. Wengi hawana kitu. Mwalimu mwenzangu alikuja muhula uliopita, ana kivimbe chini ya kidevu tangu juzi, kinauma akimeza. Nilimwambia aende zahanati, akaenda, ikawa tonsesi, na wiki iliyofuata kimeisha, ananicheka. Sikuona ubaya kuchekwa. Mwingine, fundi wa matofali, alikuwa na lake kwapani tangu wakati wa palizi, na alikuwa akizunguka maneno, mara halimuumi, mara kazi zimembana, mara atakwenda mwezi ujao. Nilikuwa nimechoka siku hiyo, sikuwa na nguvu ya kubembeleza. Mama mkwe alikuwa anasikiliza kutoka zizini. Alitoka na kamba ya ndama mkononi, akamwambia avae viatu, na akamsindikiza hadi zahanati mwenyewe.

Bado tunangoja majibu yake.